Chuo Hakina Kengele: Majibu kwa Wanaosubiri Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, barua zinazofika katika ukurasa huu huuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: kuanzia sasa hadi vyuo vikuu vifunguliwe, Oktoba au Novemba, kijana afanye nini? Mtihani wenyewe humalizika Mei, kwa hiyo tunazungumzia karibu miezi mitano, na huo ni muda mrefu kwa mwanafunzi kuachwa bila mwalimu. Nimechagua barua nne. Nimezifupisha, na majina ya walioandika nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu katika mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na nimeomba kusomea sheria. Mjomba wangu, ambaye anafundisha sekondari, amenitafutia vitabu viwili vya sheria vya mwaka wa kwanza na anataka nivimalize kabla chuo hakijafunguliwa. Nimesoma kurasa 30 na karibu sijaelewa kitu. Sasa naogopa kwamba nimechagua kozi nisiyoiweza. Je, niendelee, au nipumzike kama mama anavyoshauri?
Binti wa Songea

JIBU: Marahaba, binti yangu. Viweke vitabu hivyo kabatini kwa sasa, na umshukuru mjomba wako kwa dhati, kwa sababu amehangaika kwa ajili yako. Kitabu cha namna hiyo kimeandikwa kisomwe sambamba na mihadhara. Kinamchukulia msomaji kuwa mtu aliyekwisha kuelezwa jinsi mahakama zilivyopangwa, sheria inatungwa na nani na hukumu inasomwaje. Wewe hujaelezwa bado, na hilo ndilo unalolifuata chuoni, kwa hiyo usizipe kurasa hizo 30 mamlaka ya kukuambia unachoweza na usichoweza.

Katika miaka niliyofundisha, wanafunzi wengi niliowaona wakianguka mwaka wa kwanza walikuwa na akili za kutosha kabisa. Walichokosa ni kengele. Shuleni kengele iliwaamsha, ikawaingiza darasani, ikawapeleka kwenye chakula, na usiku ikawakalisha kujisomea huku mwalimu wa zamu akipita na tochi. Chuoni hakuna anayepita. Mhadhiri hajui kama umeamka, na ukikosa mihadhara ya wiki tatu huenda hakuna atakayekuuliza. Miezi hii, basi, itumie kujizoeza kufanya kazi bila kengele, na hapo nitakueleza mambo matatu.

La kwanza ni kusikiliza na kuandika kwa wakati mmoja. Nimewahi kumwona mwanafunzi mgeni aliyekaa kwenye ngazi za ukumbi wa mihadhara kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa, daftari jipya likiwa magotini. Alipiga mstari wa pembeni kwa rula, kama alivyozoeshwa, akaandika tarehe, akaandika kichwa cha somo, kisha akangoja mhadhiri aanze kuandika ubaoni. Mhadhiri alizungumza kwa saa mbili, akaandika ubaoni maneno manne, akachukua mkoba wake na kuondoka. Daftari la kijana yule lilikuwa na tarehe, kichwa cha somo na maneno manne. Hakuwa mvivu, tangu darasa la kwanza alikuwa hajawahi kutakiwa kuamua mwenyewe, katika maneno yanayosemwa, lipi ni la kuandikwa na lipi ni la kuachwa lipite.

Wewe unayekwenda kusoma sheria una mahali pazuri pa kujifunzia jambo hilo, tena bila malipo. Nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe. Mashauri kwa kawaida husikilizwa hadharani na kwa Kiswahili, na raia yeyote anaruhusiwa kuketi na kusikiliza maadamu ametulia na kuzima simu. Kaa saa moja na daftari. Andika nani anadai nini, shahidi amesema nini, hakimu ameuliza nini. Hutaweza kumwomba mtu arudie, na siku ya kwanza utatoka na vipande vipande. Ukifika nyumbani, kaa papo hapo, kabla hujaenda kuteka maji, uandike upya shauri lote kwa ukurasa mmoja ambao mama yako akiusoma atalielewa. Ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki hadi chuo kifunguliwe, utaingia kwenye ukumbi wa mihadhara na ustadi ambao wenzako wengi wataupata muhula wa pili, baada ya kuumia.

La pili ni Kiingereza cha kusomea. Barua yako haikulitaja, lakini nadhani sehemu kubwa ya kurasa zile 30 ilikushinda kwa sababu ya lugha kuliko sheria yenyewe. Tafuta Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ambayo inapatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, uziweke nakala mbili pamoja mezani. Chukua ibara moja kwa siku. Ibara ya 13, inayohusu usawa mbele ya sheria, ni pazuri pa kuanzia. Isome kwa Kiswahili mpaka uielewe, kisha isome kwa Kiingereza ukitazama kila neno limekaa wapi, halafu funga nakala zote mbili na uieleze kwa Kiingereza chako mwenyewe kwa maandishi. Ibara moja kwa siku ni kidogo, nami nakusihi isizidi hapo, kwa sababu ninachokitaka kikujengeke ni kurudi mezani kesho yake bila kusukumwa.

La tatu ni kuandika kwa maneno yako. Shuleni mwanafunzi anayekariri nukuu za mwalimu na kuzirudisha jinsi zilivyo husifiwa. Chuoni kunakili kazi ya mtu bila kumtaja ni kosa la kitaaluma linaloadhibiwa, na wapo waliofutiwa kazi zao wakiwa hawajui wamekosa nini. Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi na majaribio ya ndani ya muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Maana yake ni kwamba alama huanza kuhesabiwa katika wiki zile zile ambazo wageni bado wanatafuta vyumba na kuulizana ukumbi uko wapi. Daraja la kwanza linahitaji wastani wa 4.4 katika kipimo cha 5, na wengi wanaolikosa kwa nukta chache wakitazama nyuma huona zilipotelea mwaka wa kwanza.

Na mama yako yuko sahihi pia. Lala usingizi wa kutosha, msaidie kazi, mtembelee bibi yako. Saa mbili za asubuhi zikiwa za kazi na siku iliyobaki ikiwa ya nyumbani, utakuwa umewatii wote wawili.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Urambo. Kijana wangu, wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, anatarajia kwenda Dodoma kusomea ualimu wa hisabati. Nina mambo mawili. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Ramadhan na cha kidato cha nne kimeandikwa Ramadhani. Kijana wa steshenari anayetujazia fomu za mkopo anasema si tatizo. Pili, nimekwisha kuuza tumbaku na fedha ninazo. Je, nimpe zote aende nazo, au mkopo wa serikali utamtosha?
Mzazi wa Urambo

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa kumfikisha mwanao hapo. Nianze na ile herufi moja, kwa maana ndiyo inayoweza kukugharimu kuliko yote uliyoyaeleza.

Mwombaji wa mkopo anatambulika mbele ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na cheti chake cha kuzaliwa ni lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Jina linapotofautiana kati ya nyaraka hizo mbili, anayezisoma ofisini hamjui mwanao. Anaona Ramadhan na Ramadhani, na hana njia ya kuapa kwamba ni mtu mmoja. Kwa hiyo usingoje uulizwe. Funga safari wewe na kijana hadi ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako shughuli za RITA za wilaya hufanyika, mkiwa na vyeti vyote viwili vya asili, na muulize kama inatakiwa marekebisho ya cheti au kiapo mbele ya wakili kinachothibitisha kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Mkipewa jibu, liandikeni, pamoja na tarehe na cheo cha aliyewajibu. Kijana wa steshenari ana nia njema, lakini jina likikataliwa atakayebaki nyumbani ni wako.

Kuna jambo jingine la steshenari ambalo nimeliona likiwaliza wazazi. Mtoto hana barua pepe, simu yake imeharibika, basi mwenye duka anajaza barua pepe na namba yake mwenyewe ili kazi iende. Miezi miwili baadaye kijana amechaguliwa na vyuo viwili au vitatu, na utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu unamtaka athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye mawasiliano aliyoyajaza. Namba hiyo inafika kwa mwenye duka, ambaye siku hiyo amekwenda msibani. Mwambie kijana wako afungue barua pepe yake leo, aandike nywila kwenye daftari linalokaa ndani, na laini ya simu aliyoombea chuo isitupwe wala kuazimwa mtu mpaka atakapokuwa amesajiliwa.

Sasa fedha. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, mkopo wa chakula na malazi umekuwa shilingi 10,000 kwa siku, nao hutolewa kwa mafungu. Wanafunzi huuita bumu. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye maisha yake yote ameshika elfu mbili ya nauli anaamka siku moja na laki sita kwenye akaunti, na hapo ndipo unapomwona ananunua simu na viatu, wiki ya kwanza anakula kuku, wiki ya sita anapiga pasi ndefu, yaani halali na njaa kabisa lakini anakula mara moja tu kutwa, jioni, huku akijaribu kusoma hesabu za mhadhara wa saa mbili asubuhi akiwa tumbo tupu. Njaa ya namna hiyo haionekani kwenye matokeo kwa jina lake, lakini imo ndani yake.

Kwa kuwa fedha unazo mkononi sasa, mzoeze akiwa bado chini ya macho yako. Chukua fedha ya matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja, ya unga, mboga, mafuta, mkaa, sabuni na umeme, umkabidhi yote siku moja mbele ya mama yake, na umwambie kwamba mwezi huu nyumba inakula mkononi mwake na hutaongeza hata mia. Awe na daftari. Siku ya 19 mkaa utakwisha wakati yeye alidhani utafika siku ya 30, na atalazimika kuamua apunguze nini. Mwacheni aamue, hata kama mtakula mlenda siku nne mfululizo. Akikosea akiwa Urambo, anawakosea watu wanaompenda na kosa linarekebishika. Akikosea vivyo hivyo Dodoma, analala na njaa katika chumba cha watu asiowajua.

Usimpe fedha zote aende nazo. Mpe nauli, fedha za usajili, bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi ni shilingi 50,400 kwa mwaka, godoro na shuka ikihitajika, pamoja na chakula cha mwezi mmoja na nusu, kwa sababu mkopo hauwi umemngoja mwanafunzi getini. Ni lazima kwanza asajiliwe na taarifa zake za benki zikamilike. Zinazobaki zitunze wewe, ukijua pia kwamba si kila anayekopeshwa hulipiwa ada yote. Huenda kukawa na sehemu ya ada itakayobaki juu yako, na kiasi hicho utakijua majina ya waliopangiwa mikopo yatakapotoka.

Tena zungumza naye kuhusu deni lenyewe. Vijana wengi husema "fedha za bodi" kana kwamba ni zawadi. Atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka limalizike, na mwalimu anayeanza kazi huisikia asilimia hiyo. Silisemi hili ili aogope kukopa. Bila mkopo huo maelfu ya watoto wa wakulima wasingefika kokote, nami naamini katika mkopo huo kwa moyo wangu wote. Nalisema ili siku anapoitazama ile laki sita ajue kwamba anaitazama mishahara yake mwenyewe ya baadaye.

SWALI: Mwalimu, binti yangu anatarajia kusoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi tuko Tanga na ndugu pekee tuliye naye huko ni shemeji yangu anayeishi Mbagala. Baba yake anataka binti akae kwa shemeji kwa usalama. Binti anataka hosteli. Nimekwama katikati yao.
Mama wa Tanga

JIBU: Dada yangu, mimi nasimama na binti. Kutoka Mbagala hadi Mlimani, kwa magari ya kuunganisha na foleni ya asubuhi, ni saa nyingi barabarani kwenda na kurudi. Atakayefika nyumbani usiku na kukuta vyombo vinamngoja, kwa sababu ni mgeni na ni binti, hatafungua daftari. Hata usalama ambao mumeo anautafuta hautapatikana kituoni saa mbili za usiku. Aombe chumba cha chuo mara tu maombi yanapofunguliwa, na shemeji abaki kuwa mtu wa kukimbilia akiugua na wa kumtembelea baadhi ya wikiendi, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa mtoto aliye ugenini. Ikiwa chumba kitakosekana na ikawa hakuna budi kukaa Mbagala, basi wewe mwenyewe, kabla ya safari, zungumza na mwenye nyumba kwa heshima kuhusu kazi za jioni na saa za kusoma, maana binti hawezi kuyasema hayo akiwa tayari ndani ya nyumba ya mtu.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza, nami siwezi kufunga jibu hili bila kulitaja. Mwambie binti yako waziwazi, wewe mama na si rafiki zake, kwamba mtu yeyote mwenye madaraka atakayemtaka kimapenzi ili ampe alama au huduma anafanya kosa la jinai. Rushwa ya ngono imekatazwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hupokea taarifa kwa simu namba 113 bila malipo. Mwambie pia kwamba siku akikupigia kukueleza jambo la namna hiyo, swali lako la kwanza halitakuwa "ulivaa nini". Wasichana wengi hunyamaza kwa kulihofia swali hilo kutoka nyumbani kuliko wanavyomhofia mkosaji.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimerudi wiki iliyopita kutoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga, mafunzo ya miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Nimewakuta wenzangu ambao hawakwenda wamesoma kompyuta na kozi za Kiingereza, na mimi sina nilichokifanya zaidi ya kukimbia na kulima. Nimechaguliwa kusomea kilimo Morogoro. Zimebaki wiki chache tu. Nianzie wapi?
Kijana wa Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi. Unasema huna ulichokifanya, lakini soma tena nilichomjibu binti wa Songea kuhusu kengele. Umeamka alfajiri kwa miezi mitatu, umekula kilichokuwepo, umeishi chumba kimoja na watu usiowachagua, na umeshika jembe, wewe unayekwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kitu kimoja kitakuponyoka usipokuwa mwangalifu: saa ile ya kuamka. Mara nyingi anayerudi kutoka kambini hulala mpaka saa nne asubuhi kwa wiki mbili, na mazoea yote huyeyuka. Endelea kuamka saa ile ile, hata kama ni kwa ajili ya kumwagilia bustani ya mboga nyumbani.

Kwa wiki zilizobaki, achana na wazo la kuwafikia wenzako katika kila kitu. Jifunze kuchapa kwa vidole vyote na kutengeneza jedwali rahisi la hesabu kwenye kompyuta. Siku kumi za saa moja katika duka lolote lenye kompyuta zinatosha kukuvusha, kwa sababu kazi za chuoni huwasilishwa zikiwa zimechapwa, na usiku wa kabla ya kukabidhi foleni ya steshenari huwa ndefu na bei yake hupanda. Chukua mfano wa kweli wa jedwali: hiyo bustani ya nyumbani, umepanda nini, lini, umetumia maji na mbolea kiasi gani, umevuna nini. Utakuwa unajifunza kompyuta na kilimo kwa pamoja.

Halafu pakua maelekezo ya kujiunga yaliyotolewa na chuo chako, uyasome yote mpaka ukurasa wa mwisho. Ndani yake utakuta fomu ya uchunguzi wa afya inayotakiwa kujazwa na daktari na kupigwa muhuri. Wengi huiona wakiwa ndani ya basi. Ichape kesho, uende nayo hospitali Jumatatu asubuhi, mapema kabla foleni ya vipimo haijajaa, na ukiipata tengeneza nakala mbili, moja umwachie mama yako.